Nilivyomtetea Mpumbavu wa Tengeru

Marahaba, marahaba. Na ninyi wawili mliopita mlangoni bila kuniamkia, nimewaona pia. Macho yangu yamechoka lakini hayajastaafu.

Mmeniomba niandike jinsi nilivyoifanya kazi ya kuchekesha watu, kwa sababu mnataka kuifanya ninyi. Wengi wenu mlinijua juzi tu, nilipoitwa kwenye televisheni nikiwa nimebakiwa na meno manne ya mbele, na wajukuu zangu kule Njiro wakawaita majirani waje kumwona babu ndani ya kioo. Kijana wa kipindi akaniuliza najisikiaje kuingia kwenye fani uzeeni. Nikamwambia, mwanangu, mimi nilikuwa nachekesha watu wakati bendera ya Mwingereza inapepea pale boma na baba yako bado ananyonya. Akacheka, ila nadhani hakuamini. Ninyi niaminini, au ikunjeni karatasi mkalale.

Jina langu la nyumbani ni Zakaria. Jina la kazi ni Upupu. Asiyeujua upupu aende porini, atafute ule mmea wenye maganda ya manyoya, ajisugue nao shingoni, kisha arudi tuzungumze.

Nilizaliwa juu ya Tengeru, mteremkoni mwa Meru, kwenye migomba na kahawa. Baba yangu, Mzee Anaeli, alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kuvaa koti Jumapili hata jua liwake vipi. Mimi nilikuwa mwigaji tangu utoto. Niliweza kumwiga mwinjilisti anavyokohoa kabla ya kuitaja dhambi, na bibi anavyobishana na mbuzi. Siku moja nikawa namwiga mwinjilisti nyuma ya kanisa, watoto wenzangu wanacheka, mara wakanyamaza wote. Nilipogeuka, mwinjilisti mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu na baba pembeni yake.

Baba hakunichapa. Alininyamazia siku mbili, na ningepewa kuchagua ningechagua fimbo. Siku ya tatu akasema, "Zakaria, mdomo wako utakula mahali pengine. Nenda mjini. Ila siku utakayolitia jina langu aibu mbele ya watu, usiniite tena baba."

Nilishuka kwa miguu mpaka Arusha nikiwa na shuka moja. Maneno yale nilitembea nayo miaka yote, nanyi yashikeni, maana habari yote ninayowaambia imesimama hapo.

Mjini nilipata kazi kwa dobi mmoja, kazi ya pasi ya mkaa. Mchana kutwa unanyoosha suruali za wenye ofisi huku ukipuliza majivu yasianguke kwenye kola. Jumamosi kulikuwa na ukumbi wa starehe wa Waafrika, tuliouita welfea. Watu walicheza dansi, na wapiga muziki walipokwenda kupumzika mtu alihitajika kuijaza nafasi ile, la sivyo vijana walianza kupigana. Hapo ndipo nilipoanzia. Nilipanda jukwaani nikaiga mpishi wa Mzungu anavyoonja supu, karani anavyotembea akiwa na kalamu sikioni, na mkulima wa mlimani anavyokagua shamba lake. Huyo mkulima ndiye aliyependwa kuliko wote. Mikono nyuma, hatua tatu, simama, shika jani moja, ligeuze, litazame kwa chini, linuse, guna, endelea. Ukumbi ulikuwa ukilala chini kwa vicheko. Hakuna aliyejua, na mimi mwenyewe sikujali, kwamba ule ulikuwa mwendo wa baba yangu.

Kabla sijasahau, niwape kitu cha mkononi. Ukiwa unachekesha watu ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili, usiwape sentensi ndefu. Wengi wa watu wa Arusha nyumbani tulisema Kimeru, Kimasai, Kichaga, kila mtu na chake. Ukimpa mtu wa namna hiyo maneno ishirini, kumi ya mwisho yanamkuta bado anayatafuna kumi ya mwanzo. Mpe sita. Halafu nyamaza, umwachie nafasi ya kucheka. Nimewaona ninyi wa siku hizi mnavyosema juu ya vicheko vya watu kama mnakimbizwa na mbwa. Mwenye haraka akauze magazeti.

Na usiwatazame vijana. Kijana hucheka ili aonekane. Mtazame bibi kizee aliyekaa karibu na mlango akiwa na shughuli zake. Huyo akicheka, umecheza.

Sasa niwaambie nilivyoharibu. Palikuwa na mtu mmoja, Koplo Hamisi, aliyekuwa amerudi kutoka vita vya Burma. Alikuwa na koti la jeshi ambalo hakulivua, jua wala mvua, na alikaa benchi la mbele kila Jumamosi. Kwanza nililicheka lile koti, watu wakacheka. Nikaona bado kuna utamu, nikakamua. Nikasema Koplo alikwenda kuilinda dunia nzima, akasahau kulinda mlango wa nyumba yake. Watu wote mjini walijua mkewe alikuwa ameondoka na mwanamume mwingine wakati yeye yuko vitani. Wakacheka mara moja, kwa sauti kubwa, kisha kicheko kikakatika. Koplo alisimama, akavifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, akatoka.

Jumamosi iliyofuata mabenchi nusu yalikuwa matupu. Iliyofuata tena, nilichekesha ukuta.

Pale mlangoni pa welfea alikuwa akikaa mama mmoja Mnyamwezi, Bi Tatu, akiuza vitumbua. Mwili mkubwa, sauti kubwa, na ulimi ambao hata polisi waliupisha. Nilimwendea nikamwambia watu wa mji huu hawana shukrani. Akanitazama kama kitumbua kilichoungua.

"Wewe Mmeru," akasema, "nani amekwambia matusi ni kuchekesha? Kesho kuna msiba kwa Mzaramo, mpishi mmoja amefariki. Njoo ujifunze kazi."

"Msibani, Bi Tatu?"

"Msibani. Hapo ndipo shule ilipo."

Ninyi vijana utani mnaujua kwa jina tu. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na mtani ana haki yake msibani ambayo ndugu wa tumbo moja hana. Nilimkuta Bi Tatu amevaa koti la marehemu na kofia yake, anatembea uani kama marehemu alivyotembea, anakohoa kama yeye, anafunua sufuria. Mjane alikuwa amekaa mkekani, siku ya pili hajala kitu. Bi Tatu akasimama mbele yake akasema kwa sauti ya marehemu, "Mke wangu, nimeondoka jana tu, leo wali hauna chumvi! Mmenizika mimi au mmeizika chumvi?"

Mimi nilijiinamia nikingoja apigwe. Kumbe yule mjane aliinua uso, na machozi yake, akamjibu, "Nyamaza, Mnyamwezi wewe! Kichwa kimebapa kwa kubeba mizigo ya Waarabu, chumvi utaijulia wapi?" Ua mzima ukacheka, na mjane akacheka, na walipomletea sahani akala.

Tulipokuwa tunarudi nilimwambia Bi Tatu kwamba alikuwa amemtania mfiwa vibaya kuliko mimi nilivyomtania Koplo.

"Vibaya zaidi," akakubali. "Lakini yeye ana la kunijibu. Amezaliwa nalo, amelishika kabla mimi sijafungua mdomo. Koplo wako ulimwachia la kujibu gani? Ukimfungia mtu ndani halafu ukampiga, huo si utani, ni unyang'anyi. Kwanza mwachie mlango, halafu mseme utakavyo."

Kesho yake nilikwenda kwa Koplo Hamisi. Nilimwomba radhi, na sikuitolea radhi ile maelezo, maana radhi yenye maelezo haifiki. Kisha nikamwambia, "Kaka, Jumamosi nitalisema koti lako. Koti tu. Nawe unijibu chochote, nami sitakurudia." Hakuahidi. Ila Jumamosi alikuja akakaa pale pale. Nikamwuliza mbele ya watu kama lile koti amezaliwa nalo au limemzaa. Alisimama polepole akasema, "Koti hili limevuka bahari mara mbili. Suruali yako wewe haijavuka mto Themi."

Wanangu, sijawahi kusikia kicheko kama kile. Hata mabati yalitikisika. Tangu siku hiyo mimi na Koplo tulikuwa watu wawili wa jukwaa moja, mimi nikitupa, yeye akirudisha, na wiki iliyofuata watu walisimama mpaka nje madirishani. Hiyo ndiyo elimu yangu yote. Mengine niliyoyafanya baadaye, miaka ya kuzunguka na gari la sinema kutoka Usa River mpaka kule Umasaini, na miaka niliyosikika redioni, yote yalitoka kwa Bi Tatu wa vitumbua.

Gari la sinema nalo niwaeleze. Kabla ya uhuru serikali ilikuwa na lori lenye mtambo wa umeme, mashine ya picha na vipaza sauti viwili juu ya kichwa chake. Linafika sokoni alasiri, linatundika shuka nyeupe kati ya nguzo mbili, likingoja giza liingie. Picha zenyewe zilikuwa za mafunzo: nawa mikono, chimba choo, weka akiba. Na zilikuwa bubu. Mtu alikaa kwenye lori na kipaza sauti akisoma maelezo kwenye karatasi. Kila picha ilikuwa na watu wawili, mwerevu na mpumbavu. Mwerevu alikuwa akivaa kaptula iliyopigwa pasi. Mpumbavu alikuwa sisi.

Aliyeliongoza lori lile alikuwa Mzungu kijana tuliyemwita Bwana Sinema, mtu wa pua nyekundu, si mbaya, Kiswahili chake cha shambani. Alikuja welfea Jumamosi moja akaona nafanya yule mkulima anayegeuza majani. Akacheka mpaka akafuta miwani. Kesho yake aliniita.

"Mimi nataka piga picha ya kahawa," akasema. "Wewe takuwa mkulima mpumbavu. Tembea kama ile jana."

Nisiwafiche, nilifurahi mno. Nani kati yetu alikuwa amewahi kuonekana kwenye shuka? Tulipiga picha siku tatu kwenye shamba moja karibu na Usa River. Karani mmoja wa ofisi ndiye aliyekuwa Bwana Shamba mwerevu. Yeye alisimama wima akinyoosha kidole, mimi nikazunguka na mikono nyuma, hatua tatu, simama, geuza jani, nusa. Bwana Sinema alikuwa anapiga makofi kila mara. Picha ikapelekwa Ulaya kuoshwa, nami nikarudi kwenye pasi yangu nikiwa nimevimba kichwa.

Iliporudi, miezi mingi baadaye, alituita ofisini tuione ukutani kabla haijapelekwa kwa watu. Taa zikazimwa. Na pale ukutani, mkubwa kuliko mlango, akatokea baba yangu.

Sikujiona mimi hata kidogo. Nilimwona Mzee Anaeli, mabega yake, shingo yake, jinsi anavyoguna, na msomaji wa karatasi akisema, "Huyu ni mkulima mpumbavu. Anazururazurura tu shambani bila kazi." Welfea hapakuwa na mtu aliyemjua baba, mwendo ule ulikuwa mali yangu. Lakini kule mlimani kila mtu, mpaka ng'ombe, angemtambua kabla hajafika mgomba wa pili. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Miaka yote ile nilikuwa nimewachekesha watu kwa mgongo wa baba yangu, na siku hiyo ndiyo kwanza niliuona ubaya wake.

"Itaonyeshwa wapi kwanza?" nikauliza.

"Tengeru," akasema Bwana Sinema. "Siku ya soko. Wazee wa kanisa tawaita wote, takaa mbele."

Kumbukeni na miaka ile ilivyokuwa. Wameru walikuwa na kidonda cha ardhi, watu walikuwa wametoka kuondolewa kwenye mashamba yao upande wa kaskazini wa mlima, na jambo lolote lililotoka serikalini lilipokewa kwa jicho baya. Halafu serikali hiyo hiyo iwaletee picha ya Mmeru mpumbavu, na mpumbavu mwenyewe awe mzee wa kanisa wanayemjua, na aliyemwuza awe mwanawe. Nilimwomba Bwana Sinema aikate sehemu ile. Akasema hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Nilifikiria kuiba picha. Nilifikiria kukimbilia Moshi. Bi Tatu alinisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza vitumbua.

"Picha ina sauti?" akaniuliza.

"Haina. Inasomewa karatasi."

"Basi umefungiwa ndani na nani?" akasema, akaendelea na kazi yake.

Nilirudi mbio kwa Bwana Sinema. Nikamwambia watu wa Tengeru hawatamwelewa msomaji wake, Kiswahili chake ni cha pwani mno, afadhali nisome mimi kwa Kiswahili na Kimeru. Alifikiri, akanipa karatasi. "Wewe soma hii. Hapana ongeza, hapana punguza." Nikaitikia kwa adabu zote.

Siku ya soko Tengeru ilijaa mpaka kwenye migomba. Wanawake hawakurudi nyumbani na vikapu vyao, waliketi navyo hapo hapo. Wazee wa kanisa waliwekewa benchi mbele, na katikati yao baba, koti lake limefungwa mpaka juu. Mama alikuwa nyuma yake, amekaa chini na kanga yake. Sikuwa nimewasogelea tangu nifike. Nilipanda ndani ya lori, nikashika kipaza sauti.

Giza likaingia, mashine ikaanza kulia, shuka ikawaka. Kwanza akatokea Bwana Shamba na kaptula yake. Nilisoma karatasi kama ilivyoandikwa, neno kwa neno, sauti ikiwa kavu. Watu wakapiga miayo. Kisha akatokea mkulima.

Sauti ilipita uwanjani, si kicheko, ni ile "eee" ya watu wanaotambua. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Mzee Anaeli!" Na hapo ndipo kicheko kilipoanza, kile kibaya, cha kuangalia pembeni. Nikiwa juu ya lori niliona kisogo cha baba. Hakikusogea.

Karatasi ilisema: Huyu ni mkulima mpumbavu. Nikaikunja, nikaikalia.

"Mtazameni mzee huyu," nikasema. "Anageuza jani. Mnajua kwa nini? Kutu ya kahawa hujificha chini ya jani." Nikangoja. Kwenye shuka Bwana Shamba akawa ananyoosha kidole kama kawaida yake. "Bwana Shamba anasema: Mzee, unazurura! Mzee anajibu: Bwana, wewe umesimama wima tangu asubuhi. Ugonjwa uko chini. Utainama lini?"

Wakacheka wanawake kwanza. Bibi mmoja karibu na gurudumu la lori aliliacha jani la tumbaku likamdondoka kutoka mdomoni. Nikajua nimeshika njia.

Ikafika sehemu Bwana Shamba anaonyesha migomba iliyo kati ya kahawa, inayotupa ndizi za mtori, ile supu nzito anayopikiwa mzazi, kwamba ikatwe, na mpumbavu anatikisa kichwa akikataa. "Anasema: Kata migomba yote, ibaki kahawa tupu! Mzee anamwambia: Sawa, bwana. Na mke wangu akijifungua nimpikie mtori wa kahawa?"

Pale uwanja ulilipuka. Nikasema tena kwa Kimeru, wakalipuka mara ya pili, wanaume wanapigana mabegani, wanawake wanapiga vigelegele. Ila nami sikumfungia Bwana Shamba ndani. Alipoanza kukata matawi makavu kwa msumeno, nilimpa haki yake. "Anasema: Mzee, tawi kavu linakula bila kuzaa. Mzee anamwambia: Hapo umesema, mwanangu. Hata kwangu yupo mmoja, nilimpeleka mjini." Wakacheka tena, na wengi waligeuka kuitazama misumeno ya kupogolea ambayo lori lilikuja nayo, imepangwa mezani. Yule karani aliyekuwa Bwana Shamba, aliyesimama kando ya lori, alikuwa anacheka kuliko wote.

Picha ikaisha. Shuka ikabaki nyeupe na mwanga wake. Na katika mwanga ule nikamwona baba anasimama.

Aliweka mikono nyuma. Akatembea kuelekea kwenye shuka, hatua tatu, akasimama. Palikuwa na mgomba pembeni ya nguzo. Akashika jani lake, akaligeuza, akalitazama kwa chini, akaguna. Kivuli chake kilikuwa kimejaa shuka nzima. Ndipo akageuka kuwatazama watu.

"Mlikuwa mnaulizana," akasema. "Msiulizane. Ni mimi. Na hilo la mtori wa kahawa nimelisema mimi, asije mtu mwingine kulidai."

Sijui niwaelezeje kelele zile. Watu walisimama wote, vikapu vikapinduka, nyanya zikakanyagwa na mwenye nyanya hakujali. Mama alikuwa anapiga vigelegele huku analia. Nami nililia ndani ya lori, na kipaza sauti kilikuwa kimewashwa, kwa hiyo Tengeru nzima ilinisikia nikivuta kamasi. Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo wanavyosema, lakini mimi sikutegemea kitu usiku ule isipokuwa mawe.

Bwana Sinema alipanda lorini, uso wake mwekundu.

"Wewe hapana soma karatasi."

"Samahani, bwana. Giza lilikuwa jingi, sikuona herufi."

Aliitazama karatasi iliyokunjika chini yangu. Akaangalia nje, watu wamesongamana kwenye meza ya misumeno wakiuliza namna ya kuishika.

"Kesho Usa River," akasema. "Leta giza yako."

Ndivyo nilivyopata kazi iliyonitoa kwenye pasi ya mkaa, na niliifanya mpaka bendera iliposhushwa. Lakini sikuwa nimeiwazia kazi wakati ule, maana baba alikuwa amefika kwenye mlango wa lori, kofia mkononi, na wazee wenzake nyuma yake. Nilishuka nikasimama mbele yake. Sikujua nimwite nani, nikainamisha kichwa tu.

"Shikamoo," nikasema.

Alinitazama tangu viatu mpaka kichwa.

"Shikamoo nani?" akauliza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akavaa kofia yake. "Sasa mwambie Mzungu wako airudishe pale ninapomjibu yule wa kaptula. Mzee Yona hakusikia vizuri, na mimi nataka kuona kama nilijibu haraka."

Ikarudishwa mara tatu. Mara ya tatu hawakunihitaji tena. Baba alikuwa amesimama karibu na shuka, akiyasema maneno yote mwenyewe.